Kwasari iliyorudi wiki ya giza: kisa cha B0218+357

Usiku wa mwezi kumi na nne, Katonga, mwalo wetu hapa Kigoma, hulala. Mitumbwi huvutwa mchangani, taa hurudishwa nyumbani, na wanaume hukaa kivulini mchana wake wakishona nyavu zilizochanika. Si uvivu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, zamani karabai na siku hizi za betri na sola, na taa humkusanya dagaa kukiwa na giza tu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima ni taa, ya kwako haiongezi kitu. Mvuvi wa hapa huugawa mwezi mafungu mawili, giza na mbalamwezi, na ukimdai deni atakwambia subiri giza liingie.

Nimeanzia mwaloni kwa sababu kisa ninachotaka kukichambua kilikwama kwenye mbalamwezi hiyo hiyo. Ilikuwa Julai 2014, Mwezi wa Ramadhani umefika katikati, na wanasayansi wa darubini za MAGIC kwenye kisiwa cha La Palma, visiwa vya Kanari vya Hispania, walikuwa na jambo kubwa juu ya vichwa vyao wasiloweza kulitazama.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Kigoma mjini, na kwa miaka kadhaa kisa hiki nilikisimulia vibaya. Nilikuwa nawaambia wanafunzi: oneni, darubini imenasa miale ya gama, nuru yenye nguvu kuliko zote, iliyosafiri zaidi ya miaka bilioni 7, tangu kabla ya Jua letu kuwapo, maana Jua lina miaka kama bilioni 4.6 tu. Darasa linashangaa, kengele inalia, tunatoka. Umbali ni kweli, na unashangaza. Lakini haukuwa ndio ugumu wa kazi ile, na aliyenionyesha hivyo ni mjomba wangu, mvuvi mstaafu ambaye hajawahi kuisikia MAGIC hata siku moja. Nitamfikia.

Kwanza chenyewe kinachotazamwa. B0218+357 ni anwani tu: saa 02 dakika 18 na nyuzi 35.7 kaskazini, kwa ramani ya anga ya mwaka 1950. Iko upande wa kundi la nyota la Pembetatu. Kwa macho huoni kitu hapo. Ni kwasari, yaani kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya Jua au zaidi linameza gesi, na gesi hiyo kabla haijamezwa inawaka kuliko galaksi nzima inayoizunguka. Baadhi ya kwasari hurusha mikondo miwili ya chembe kwa kasi inayokaribia ya nuru, na mkondo mmoja ukitokea kuelekea kwetu, sisi huona kama mtu aliyemulikwa tochi ya uso. B0218+357 ni ya aina hiyo. Mkondo wake hauwaki sawasawa. Hukaa kimya, halafu ghafla hufumuka siku moja au mbili, kisha hutulia.

Tarehe 13 na 14 Julai 2014 ulifumuka. Aliyeuona ni setilaiti ya Fermi ya Marekani, iliyorushwa 2008, ambayo huipitia anga nzima kila baada ya saa tatu hivi. Fermi haijali mwezi wala mchana, ipo juu ya hewa. Udhaifu wake ni udogo: sehemu inayonasa miale ni kama mita moja ya mraba, meza ya kulia chakula. Kwa miale ya gama ya kawaida inatosha. Kwa ile yenye nguvu kubwa mno, ya elektronivolti (kipimo cha nguvu ya mwale) bilioni 100 na kuendelea, meza haitoshi, kwa sababu miale hiyo ni adimu. Unaweza kukaa siku nyingi usipate hata mmoja. Na ili ujue huo ukali, fotoni, yaani chembe moja, ya nuru ya kawaida tunayoona ina elektronivolti mbili au tatu tu.

Hapo ndipo darubini za ardhini zinapohitajika, na namna zinavyofanya kazi inastahili kuelezwa polepole, maana watu wengi hudhani zinautazama mwale wenyewe. Hazioni mwale. Mwale wa gama hauwezi kupenya hewa yetu. Ukifika kama kilomita 20 juu, mara mbili ya kimo cha ndege za abiria, unagonga hewa na kuzaa elektroni na ndugu yake positroni; hao nao wanazaa miale mingine, miale inazaa chembe nyingine, mpaka linakuwa rundo la chembe zinazoshuka pamoja. Chembe hizo zinakwenda haraka kuliko nuru inavyokwenda ndani ya hewa. Ndani ya hewa, nasema, si katika utupu. Hapo hakuna sheria iliyovunjwa. Kitu kinachoipita nuru hivyo hutoa mwanga wa bluu hafifu, kama boti iendayo kasi inavyoacha mawimbi ya pembe nyuma yake. Ni nuru ya Cherenkov, kwa jina la Mrusi Pavel Cherenkov aliyeichunguza mwaka 1934 na kushiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1958.

Mwanga huo hutua chini kama duara lenye nusu kipenyo cha mita 120 hivi. Zidisha: zaidi ya mita za mraba 40,000, karibu viwanja sita vya mpira kama ule wa Lake Tanganyika. Darubini yoyote iliyosimama popote ndani ya duara hilo itauona mwako. Meza ya Fermi imegeuka viwanja sita, na hewa yenyewe ndiyo imekuwa mtego. Bei yake ni kwamba mwako huo hudumu sehemu chache za bilioni za sekunde na ni hafifu mno, kwa hiyo lazima uwe na kioo kikubwa na giza la kweli. MAGIC ni darubini mbili, kila moja ina kioo cha kipenyo cha mita 17 na kamera ya vidaka-mwanga 1,039, zimesimama mita 85 kutoka moja hadi nyingine, juu ya mlima mita 2,200. Ya pili ilianza kazi 2009. Fremu yake ni ya nyuzi za kaboni, nyepesi, ili iweze kugeuzwa upande wowote wa anga kwa nusu dakika hivi tukio likitokea ghafla.

Vyema. Tukio limetokea ghafla, darubini inageuka kwa nusu dakika, kwa nini hawakugeuza? Kwa sababu mwezi mpevu ulikuwa tarehe 12 Julai. Tarehe 13 na 14 ulikuwa bado unawaka karibu usiku kucha. Kamera za MAGIC huvumilia mbalamwezi ya kiasi, lakini mwezi mpevu ukiwaka, vidaka-mwanga vinafurika. Darubini zilifungwa.

Kisa hiki nilimsimulia mjomba asubuhi moja pale Katonga, nikisubiri dagaa wa kupeleka nyumbani. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa kwenye vichanja, wanawashika kwa viganja viwili na kuwamwaga tena, na fedha yao inameta upande mmoja tu, upande uliokuwa chini. Yeye alikuwa amekaa juu ya boya bovu. Nilipofika kwenye mwezi mpevu akanikatiza.

"Kumbe na wao walikaa nyumbani mbalamwezi."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi wangengoja giza. Si ndivyo tunavyofanya?"

"Dagaa watakungoja, mjomba. Hii huwaka siku mbili ikazimika."

Akanyamaza kidogo. "Sasa, mpwa wangu, mbona unasema waliipata?"

Nikajikuta nina jibu ambalo darasani nilikuwa nalipitia kwa sentensi moja. Waliipata kwa sababu ilirudi, na walijua tarehe ya kurudi.

Kati yetu na kwasari ile kuna galaksi nyingine, iko karibu kabisa na mstari wa macho. Uzito wa galaksi hiyo unapinda njia ya nuru kama lenzi, jambo ambalo nadharia ya Einstein inalitaka. Nuru iliyotoka kwenye kwasari hupita pande mbili za galaksi hiyo na kutufikia kwa njia mbili, kwa hiyo darubini za redio huona B0218+357 kama nukta mbili badala ya moja. Njia hizo hazilingani. Moja ni ndefu zaidi, tena nuru inayopita karibu na uzito mkubwa huchelewa. Ukijumlisha yote, nuru ya njia ya pili hutufikia siku kama 11 baada ya ile ya kwanza. Siku 11 katika safari ya miaka zaidi ya bilioni 7.

Mjomba aliuliza kama ni mwangwi. Liemba ilipokuwa ikipiga honi kuingia bandarini, alisema, sauti ilikuja kutoka melini halafu ikaja tena kutoka milimani. Nikamwambia karibu, ila hapa hakuna ukuta wa kugonga. Sauti zote mbili zinakuja moja kwa moja, moja imezunguka kushoto mwa kilima na nyingine kulia. Alikubali kwa sharti kwamba nisikiite tena lenzi. Mimi nitaendelea kukiita lenzi ya mvutano, kwa sababu ndilo jina lake.

Sasa, hilo la siku 11 halikugunduliwa Julai 2014, na kwangu hapo ndipo uzito wote wa kisa ulipo. Wanaastronomia wa redio walikuwa wameshaupima ucheleweshaji huo miaka ya 1990, wakapata kati ya siku 10 na 12. Halafu mwaka 2012 kwasari hiyo ilifumuka mara kadhaa katika miale ya gama, na timu ya Fermi ikakaa na orodha yake ya siku kwa siku, ikitafuta ni umbali gani wa siku unaofanya vilima vya orodha vijirudie. Wakapata siku 11.46, kosa likiwa chini ya siku moja. Kipimo hicho kilichapishwa 2014. Hesabu ya mtu mwenye subira, haina picha ya kupendeza, haikutangazwa na redio yoyote ninayoijua. Lakini tarehe 14 Julai mtu yeyote aliyekuwa nayo mkononi aliweza kuchukua kalenda na kuhesabu kwa vidole: 13 jumlisha 11 na nusu. Tarehe 25.

Tarehe 25 mwezi ulikuwa umekonda kama ukucha. Mwezi ulikufa tarehe 26, na siku mbili tatu baadaye Waislamu wa Ujiji na wa dunia nzima wakasherehekea Idi. Mfumuko wa kwanza ulikuja mwezi mpevu. Mwangwi wake ukaangukia wiki ya giza tupu. Ingekuwa ni galaksi ya ucheleweshaji wa siku 29, mwangwi ungerudi mwezi mpevu tena na nisingekuwa na kisa cha kuandika. Bahati ipo, siikatai.

Kwa hiyo MAGIC walielekezwa huko kwa miadi. B0218+357 mwezi Julai huchomoza usiku wa manane na kupanda juu vizuri kabla ya alfajiri. Saa kumi alfajiri ya La Palma ni saa kumi na mbili asubuhi ya Kigoma, bado kuna giza huku, na mitumbwi inarudi na dagaa wa usiku. Usiku wa 25 na wa 26 Julai walipata ishara. Muda wa kutazama uliozaa ugunduzi wenyewe, ukijumlisha siku hizo mbili, ni kama saa mbili tu. Fermi nayo, kutoka juu, iliuona mwangwi ukifika kwa miadi ile ile.

Uhakika wao ulitoka wapi? Hapa kuna kazi ya kuchambua inayofanana na ya wale wanawake wa vichanjani. Kwa kila mwale mmoja wa gama unaoangusha rundo la chembe hewani, kuna zaidi ya maelfu ya protoni na viini vya atomu kutoka angani vinavyoangusha marundo yao, nayo yanatoa nuru ya Cherenkov vile vile. Tofauti iko kwenye umbo. Rundo la mwale wa gama huacha kwenye kamera doa jembamba lililonyooka, kama dagaa, na mstari wake unaelekea kwenye chanzo. Rundo la protoni huacha doa lililotawanyika, lenye vipande. Darubini mbili zinapoliona rundo moja kutoka pembe mbili, mistari ya madoa hukutana na kuonyesha mwale ulitoka wapi. Baada ya kuchambua, unahesabu "dagaa" wanaotoka upande wa kwasari, unalinganisha na wanaotoka vipande vya anga vya jirani visivyo na kitu. Tofauti ilikuwa sigma 5.7, sigma ikiwa kipimo cha jinsi tofauti inavyozidi ile ya nasibu. Uwezekano kwamba ni bahati ya hesabu tu ni chini ya moja katika milioni 10, na desturi ya fani hii inataka angalau sigma 5.

Miale yenyewe ilikuwa kati ya elektronivolti bilioni 65 na 175. Haikupatikana ya juu zaidi, na hilo si la kushangaza. Anga tunayoiita tupu imejaa nuru kuukuu ya nyota zote zilizowahi kuwaka. Mwale wa gama ukikutana na fotoni moja ya nuru hiyo huweza kutoweka, na mahali pake zikabaki elektroni na positroni. Kadiri mwale ulivyo mkali na safari ilivyo ndefu, ndivyo uwezekano wa kuliwa njiani unavyopanda. Mtu wa Kigoma analijua umbo la jambo hili. Mwezi wa saba na wa nane, mioto ya pori ikiwaka pande zote, milima ya Kongo ng'ambo hupotea kabisa kwenye moshi, na Jua likizama juu ya ziwa linabaki jekundu, kwa sababu bluu yote imepotelea njiani. Miale ya gama nayo hupoteza upande wake mkali kwanza.

Ukungu huo uliwahi kudhaniwa kuwa mzito zaidi. Februari 2006 MAGIC, wakati huo ikiwa darubini moja, ilinasa kwasari 3C 279, ya kwanza ya aina yake kuonekana kwa miale hii, ikiwa miaka ya nuru zaidi ya bilioni 5. Ulimwengu ukaonekana mwangavu kuliko walivyohofia. Mwaka huo huo H.E.S.S., darubini zilizo Namibia, hapa hapa Afrika, zilikuwa zimefikia hitimisho linalofanana kwa galaksi za karibu zaidi. B0218+357 ikalisukuma jaribio hilo mbali sana, na kiasi kilicholiwa njiani kililingana na mahesabu ya sasa ya ukungu.

Kuna ukungu mwingine, wa nyumbani kwake, ambao makala nyingi huuruka. Karibu na shimo jeusi la kwasari kuna mawingu ya gesi yanayowaka, na mwanga wao ungeweza kuila miale ya gama kabla haijaondoka hata getini. Kwa kuwa miale ilitoka salama, lazima iliumbwa nje ya mawingu hayo, mbali kwenye mkondo. Wengi walikuwa wakiuweka mfumuko wa namna hii karibu na shimo. Kisa hiki hakikuwapa nafasi.

Sasa udhaifu wake. Ukitazama kwa darubini za gama, zile nukta mbili huzitofautishi. Zimeachana theluthi moja ya sekunde ya pembe: ni kama kutofautisha ncha mbili za penseli iliyochongwa ikabaki kipande cha sentimita nane, penseli iko ufukwe wa Kongo na wewe uko hapa Kigoma, kilomita kama 50. MAGIC kwa umbali huo ingeona ukungu wa upana wa karibu mita 90. Kwa hiyo hakuna aliyeuona mwangwi ukitoka kwenye nukta ya pili. Kinachosema ni mwangwi ni tarehe. Mtu mkaidi anaweza kudai kwasari ilifumuka upya tarehe 25 na ikaangukia siku ya miadi kwa nasibu. Mimi simkubali: Fermi na MAGIC kuona siku iliyotabiriwa, na ukimya kabla na baada, ni mengi mno kuyaita nasibu. Lakini mwanafunzi akiniuliza hilo nampa alama.

Pengo la pili haliwezi kuzibwa. Miale mikali ya njia ya kwanza, ile ya tarehe 13 na 14, hakuna aliyeipima. Tungekuwa nayo tungegawanya, ya kwanza kwa ya pili, tukajua galaksi ile ya katikati inakuza kila njia mara ngapi katika nguvu hizi. Kwenye redio nukta ya kwanza hung'aa zaidi ya mara tatu ya nyingine, lakini katika gama za Fermi za 2012 mbili hizo zilikaribiana. Kwa nini? Pengine eneo linalotoa gama ni dogo kiasi kwamba nyota mojamoja za galaksi ya katikati zinaliingilia. Jibu lingepatikana mwezi ule, mwezi ukatuzuia.

Baada ya hapo MAGIC waliendelea kuifuatilia B0218+357 kwa miaka, 2016 hadi 2020, na haikuwapa tena ishara ya kuaminika katika miale hii. Rekodi yake ya umbali ilisimama mpaka Desemba 2023, darubini mpya ya mita 23 hapo hapo La Palma iliponasa kwasari OP 313, mbali kidogo zaidi. Hiyo ilipatikana bila mwangwi wowote, kwa kioo kikubwa tu.

Nilimaliza kumweleza mjomba hayo dagaa wangu wakiwa wameshapimwa. Aliuliza swali moja la mwisho, kama ile iliyopita wakati wa mbalamwezi inaweza kungojewa mahali pengine. Nikamwambia imeshatupita, kila siku inaongeza siku moja ya nuru kwenda mbele. Akahesabu kwa vidole miaka tangu 2014, akatikisa kichwa, akaniambia nisiwafunge dagaa kwenye mfuko wa plastiki kabla hawajapoa.